MP3, FLAC na kanda ya harusi: kinachopotea muziki unapobanwa

Chukua wimbo mmoja wa dakika nne. Ukiutoa kwenye CD bila kuugusa, unachukua takriban megabaiti 42. Ukiubana kwa FLAC, mbinu ya kubana isiyopoteza kitu, mara nyingi unashuka hadi kati ya 22 na 30. Ukiugeuza kuwa MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde, unabaki na megabaiti 9.6, na kwa kilobiti 128, kasi iliyojaza simu zetu na flashi za kwenye daladala kwa miaka mingi, haufiki hata megabaiti 4. Mafaili yote manne yana jina lilelile, mwimbaji yuleyule, dakika zilezile. Ukiyapiga kwenye spika ya simu, sidhani kama kuna atakayekuambia lipi ni lipi.

Mabishano huanzia hapo. Mmoja anaapa kwamba MP3 imeua muziki na kwamba mwenye masikio hawezi kuivumilia. Mwingine anasema FLAC ni mzigo wa bure, kazi yake ni kujaza memori. Nimeyasikia mabishano haya kwenye studio ndogo, kwenye vibanda vya kuuza nyimbo na sebuleni kwa ndugu, na naona watu wanajibu maswali mawili tofauti wakidhani ni moja. La kwanza ni la sikio: ukisikiliza sasa hivi, unasikia tofauti? La pili ni la kesho: faili hili litatumika tena kwa kazi gani, na litaivumilia kazi hiyo? Kwenye swali la kwanza, MP3 nzuri hushinda mara nyingi kuliko wapenzi wa FLAC wanavyotaka kukubali. Kwenye la pili haina utetezi.

Sauti inavyogeuka namba

Sauti ni hewa inayotikisika. Maikrofoni hugeuza mtikisiko huo kuwa umeme unaopanda na kushuka, na kompyuta hupima kimo cha umeme huo mara nyingi sana kwa sekunde. Kwenye CD, ambayo Sony na Philips waliiingiza sokoni mwaka 1982, vipimo ni 44,100 kila sekunde kwa kila upande, kushoto na kulia. Kila kipimo, au sampuli, huandikwa kwa biti 16, yaani kinaweza kuangukia kwenye kimojawapo cha vimo 65,536. Zidisha 44,100 mara 16 mara 2 na unapata biti 1,411,200 kwa sekunde. Huo ndio uzito wa muziki ambao haujabanwa, na ndio unaokaa ndani ya faili la WAV.

Namba 44,100 haikuokotwa. Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia takriban hezi 20, yaani mitikisiko 20 kwa sekunde, mngurumo wa chini kabisa wa sabufa, hadi hezi 20,000, mlio mwembamba unaokaribia kutoweka. Kanuni ya hesabu yenye majina ya Nyquist na Shannon inasema kwamba kulibeba wimbi la masafa fulani kunahitaji zaidi ya sampuli mbili kwa kila mzunguko. Kwa hiyo 44,100 inabeba kila kilicho chini ya hezi 22,050. Wengi huichora sauti ya kidijitali kama ngazi za nyumba, wakidhani kati ya sampuli moja na inayofuata kuna muziki uliodondoka. Hakuna. Kwa masafa yaliyo chini ya kikomo hicho, ni wimbi moja tu linaloweza kupita kwenye nukta zile zote, na chipu inayorudisha namba kuwa umeme hulichora tena likiwa laini, bila kona.

Mwalimu na daftari la mahudhurio

Mwalimu mwenye wanafunzi 60 hana haja ya kuandika majina 60 kila asubuhi. Anaandika wasiofika. Anayelisoma daftari baadaye, akiwa na orodha ya darasa, anajua nani alikuwepo bila kumkosea hata mmoja.

FLAC hufanya kazi kwa akili hiyo. Sampuli za muziki hufuatana kwa mwendo unaokisika: wimbi likiwa linapanda, sampuli ijayo huenda ikawa juu kidogo ya hii. Programu hukisia sampuli ijayo kutokana na zilizotangulia, kisha huandika kosa la kisio peke yake. Makosa hayo huwa namba ndogo, na namba ndogo huandikwa kwa biti chache. Wakati wa kupiga wimbo, kompyuta hurudia makisio yaleyale, huyajumlisha na makosa yaliyoandikwa, na sampuli zinatoka kama zilivyoingia, biti kwa biti.

Josh Coalson alitoa toleo la 1.0 la FLAC mwaka 2001, likiwa huru kwa kila mtu. Apple walitengeneza ya kwao, ALAC, mwaka 2004, na wakaifungua kwa wote mwaka 2011. Kwa sikio hizi mbili haziwezi kutofautiana, maana zote zinarudisha namba zilezile. Ndani ya faili la FLAC huwekwa pia muhuri wa kihesabu wa sauti ya asili, ili programu iweze kuhakiki kwamba hakuna kilichoharibika. Zile ngazi za kubana, 0 hadi 8, ambazo programu hukuuliza uchague, hazigusi ubora hata kidogo. Zinaamua kompyuta itahangaika kiasi gani kutafuta kisio zuri. Nimemwona mtu akichagua 0 kwa kuogopa kwamba 8 itaukamua muziki. Hakuna kinachokamuliwa.

Ndiyo maana ukubwa wa FLAC hubadilika wimbo kwa wimbo. Kaswida ya sauti moja na dufu hubanwa sana. Wimbo wa klabu uliojazwa sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho hubanwa kidogo. Mchakarisho, kama ule wa santuri kuukuu, haukisiki kabisa, kwa hiyo karibu haubanwi. Huo mchakarisho tutakutana nao tena.

Erlangen na sauti ya mwanamke mmoja

MP3 ilianza na swali jingine kabisa. Wahandisi waliacha kuuliza namba zinafuatanaje, wakauliza binadamu anasikia nini. Sehemu kubwa ya kazi ilifanyika Erlangen, Ujerumani, kwenye chuo kikuu na taasisi ya Fraunhofer, na jina linalotajwa zaidi ni la Karlheinz Brandenburg. Kiwango chenyewe kilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kiishio cha .mp3 kikachaguliwa Julai 1995.

Simama Kariakoo mchana. Mwenzako anakunong'oneza jambo, na papo hapo lori linapiga honi pembeni yako. Mnong'ono ulikuwepo hewani, maikrofoni ingeunasa, lakini kwako haukuwepo. Honi imeufunika. Ndani ya sikio kuna utando ambao kila sehemu yake huitikia masafa yake, na sauti kubwa ikiitikisa sehemu moja, sauti ndogo ya masafa jirani haipati nafasi. Ufunikaji huu hutokea kwa wakati pia: baada ya pigo kubwa la ngoma, sauti ndogo zinazofuata humezwa kwa sehemu ya sekunde, na hata zilizolitangulia pigo kwa milisekunde chache humezwa nalo.

MP3 hukata muziki vipande vya sampuli 1,152, karibu milisekunde 26 kila kimoja, hupima masafa yaliyomo, kisha hutafuta nini kimefunikwa. Kilichofunikwa sana hakiandikwi kabisa. Kinachobaki huandikwa kwa biti chache kuliko inavyostahili, na kuandika namba kwa biti chache ni kuikosea kidogo. Makosa hayo, yakigeuka sauti, ni kelele. Ufundi wote uko hapo: kuziachia kelele ziongezeke, lakini zikae chini ya kivuli cha sauti kubwa, mahali ambapo sikio halifiki. Watu husema MP3 hutupa sauti usizosikia. Ni kweli kwa sehemu, ila ukitaka kuelewa kwa nini inaharibika pale inapoharibika, ifikirie zaidi kama kitu kinachoingiza kelele na kuzificha. Siku kificho kikikosekana, unazisikia.

Brandenburg ameeleza jinsi wimbo "Tom's Diner" wa Suzanne Vega ulivyomhangaisha. Ni sauti ya mwanamke peke yake, bila chombo. Kodeki, yaani programu ya kubana na kufungua sauti, iliyokuwa ikifanya vizuri kwa muziki mwingine iliiharibu sauti hiyo vibaya, na ikambidi aurudie wimbo huo tena na tena akirekebisha hesabu zake. Ukishaelewa habari ya vivuli, sababu inaonekana: sauti iliyo peke yake haina pa kuifichia kelele. Bendi ya watu kumi na wawili yenye magitaa matatu na tarumbeta ina vivuli kila mahali. Wengi hudhani kinyume, kwamba muziki uliojaa vyombo ndio mgumu kubana.

Inaposhindwa, inasikikaje

Chukua pigo kavu: makofi ya wanawake kwenye taarabu, au vijiti vinavyogongana. Kabla ya pigo kuna ukimya. Kelele za kubana husambaa kwenye kipande kizima cha milisekunde 26, pamoja na sehemu ile ya ukimya. Kinachotokea ni mfukuto mdogo unaolitangulia pigo, kama kofi limevuta pumzi kabla ya kugonga, na pigo lenyewe linapoteza ncha. Kodeki hujitetea kwa kukigawa kipande kuwa vidogo zaidi inapohisi pigo linakuja, na utetezi huo husaidia sana, lakini ni hapa ambapo masikio yaliyozoezwa hukamata MP3 hata ya kasi kubwa.

Kayamba, matoazi na vigelegele ni kesi ya pili. Kayamba na toazi ni karibu kelele tupu za masafa ya juu, zinakula biti bila huruma. Kwa kilobiti 128, programu nyingi za kubania hukata kila kilicho juu ya takriban hezi 16,000 ili biti zitoshe huko chini. Kinachosalia huanza kuyumba na kutiririka, toazi linakuwa kama linapigwa ndani ya ndoo ya maji. Sikiliza kigelegele kinachopanda juu ya kwaya kwenye faili la 96 au 128 na utakijua kitu hicho maisha yako yote.

Kukatwa kwa hezi 16,000 peke yake kusikutishe. Redio ya FM huishia takriban hezi 15,000, na watu wazima wengi hawasikii juu ya hapo, maana masafa ya juu ndiyo ya kwanza kuondoka umri unapokwenda. Kinachoudhi ni ule mtiririko wa maji, ambao uko chini ya kikomo hicho, mahali ambapo kila mtu anasikia.

Namba za kasi pia zinategemea kodeki. AAC ya mwaka 1997 na Opus ya mwaka 2012 zinafanya kwa kilobiti 128 kazi ambayo MP3 hufanya kwa kasi kubwa zaidi. Opus hiyohiyo ndiyo inayobeba ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwa kasi ndogo sana, na bado unamtambua mama kwa neno la kwanza.

Basi, kwa sikio, mstari uko wapi? Kwa MP3 iliyotengenezwa na programu nzuri kama LAME, kwa kilobiti 192 kwenda juu, watu wengi, kwenye nyimbo nyingi, hawaitofautishi na CD. Kwa 320, ni wachache sana wanaoweza, na kwenye vipande vichache walivyovichagua makusudi. Najua kuna watakaoikataa sentensi hiyo. Kwao nina ombi moja.

Pima bila kuona

Chukua wimbo unaoujua vizuri, ulio kwenye FLAC au CD. Tengeneza mwenyewe MP3 kutokana na faili hilohilo. Usilinganishe FLAC uliyoipata huku na MP3 uliyoipata kule, maana huenda ni masta mbili tofauti, yaani nakala mbili za mwisho kutoka studio: moja imesawazishwa upya, imekazwa, imepandishwa sauti. Tofauti ya masta husikika waziwazi na hupewa jina la tofauti ya kodeki kila siku. Hakikisha pia yote mawili yana sauti sawa. Faili lililo juu kidogo kwa sauti, hata kama hujui kwamba liko juu, sikio litaliita bora.

Kisha tumia programu ya kupimia iitwayo ABX. Iko kama nyongeza kwenye programu ya kupigia muziki ya foobar2000, kwa mfano. Inakupa A, ambayo ni FLAC, na B, ambayo ni MP3. Halafu inakupa X, ambayo ni mojawapo ya hizo kwa bahati nasibu, na kazi yako ni kusema ni ipi. Rudia mara 16. Anayebahatisha tu atapata karibu 8. Kupata 12 au zaidi kwa kubahatisha hutokea chini ya mara 4 kwa kila 100, kwa hiyo ukifika hapo una haki ya kusema umesikia kitu. Ukipata 9, hujathibitisha lolote, maana anayebahatisha hupata 9 au zaidi mara 40 kwa kila 100.

Mara yangu ya kwanza nilikaa nikiwa na uhakika. Kwenye 128 sikuhangaika, vigelegele viliniambia. Kwenye 320 nilikaa karibu saa nzima nikirudia sekunde zilezile tatu za makofi, na majibu yangu yakawa ya mtu anayerusha sarafu. Nikaazima hedifoni bora, nikarudia siku ya pili. Sarafu tena. Tangu siku hiyo nimeacha kumwambia mtu kwamba muziki wake ni mbovu kwa kuangalia jina la faili.

Mambo ya sampuli 96,000 na biti 24, yanayouzwa kama ubora wa juu, nayapita haraka. Mwaka 2007, E. Brad Meyer na David Moran walichapisha kwenye jarida la chama cha wahandisi wa sauti jaribio ambalo muziki wa ubora huo ulipitishwa, bila wasikilizaji kujua lini, kwenye kichujio cha kiwango cha CD. Katika majaribio 554 walipatia 276, karibu kabisa na nusu. Biti 24 zina kazi kubwa, lakini kazi hiyo iko studioni na kwenye hifadhi, si kwenye masikio ya anayesikiliza ndani ya basi.

Njia ambayo sauti inapita

Hata ukiwa na FLAC, jiulize inakufikiaje. Hedifoni za Bluetooth hazipokei faili lako. Simu huifungua FLAC, kisha huibana upya kwa kodeki ya Bluetooth, SBC au AAC au nyingine, na karibu kodeki hizo zote zinapoteza. Hata LDAC, inayofika kilobiti 990, iko chini ya zile 1,411. Unayelipia huduma ya muziki usiobanwa kwa upotevu ili usikilize kwa hedifoni zisizo na waya kwa kawaida unalipia kitu kinachokwisha kabla ya kufika sikioni. Waya wa shilingi elfu chache unakifikisha.

Halafu kuna bando. Saa moja ya muziki kwa kilobiti 128 ni megabaiti 58 hivi. Kwa 320 ni 144. Kwa FLAC ya kawaida, kama wastani ukiwa kilobiti 850, inakaribia 380. Kwa mtu anayenunua data ya siku, hiyo ni tofauti ya kusikiliza na kutosikiliza, na sioni sababu ya kumwambia achague vingine. AAC au Opus ya kasi ya kati ni chaguo la heshima.

Kitu kinachoniuma ni faili linalodanganya. Mtu anaingia kwenye tovuti ya kugeuza video za YouTube kuwa nyimbo, anachagua "MP3 320", na anaridhika. YouTube ilimtumia sauti iliyokwisha kubanwa kwa AAC au Opus, yenye kasi ya 128 au karibu na hapo. Tovuti imeifungua na kuibana mara ya pili, imeipa ukubwa wa 320. Zile biti za ziada zinabeba kwa uaminifu mkubwa makosa ya ubanaji wa kwanza. Wengine huenda mbali zaidi na kuigeuza MP3 kuwa FLAC, wakaiuza kama FLAC. Faili linanenepa, sauti haibadiliki. Maji yakimwagika hayazoleki. Ukitaka kumkamata mwongo huyu, fungua faili kwa programu ya Spek inayochora masafa kwa rangi. FLAC ya kweli ya muziki wa kisasa kwa kawaida hupanda hadi karibu na 22,000. Ukiona ukuta ulionyooka kwenye 16,000, kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho, lilipitia MP3 kabla ya kufika kwako. Lakini usimhukumu kwa kipimo hicho wimbo wa zamani. Santuri na kanda nyingi hazikuwahi kuwa na chochote huko juu.

Kizazi cha pili, cha tatu, cha nne

Kila mara faili lenye upotevu linapofunguliwa, kurekebishwa na kubanwa tena, kelele mpya zinawekwa juu ya za zamani. Kodeki ya pili haijui kwamba kelele zilizomo zilifichwa na ya kwanza. Inazichukulia kuwa muziki na kuzipa biti. DJ anachanganya MP3, redio inazirusha kupitia mtambo wake wa kubana, msikilizaji anarekodi kipindi, anakikata, anakituma, mwingine anakiweka kwenye video. Kila hatua ingeonekana haina madhara ikisimama peke yake. Hatua ya tano, toazi limekuwa maji. FLAC unaweza kuifungua na kuifunga mara elfu moja, ya elfu itakuwa sawa na ya kwanza.

Hili linagusa urithi wetu kuliko linavyogusa orodha za nyimbo za leo. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Bendi za dansi za miaka ya 1960 na 1970 ziliacha sauti zao kwenye mikanda ya Redio Tanzania Dar es Salaam. Rekodi hizi zimejaa mchakarisho, na mchakarisho ndio adui mkubwa wa MP3 ya kasi ndogo: haukisiki, haujirudii, hauna mpangilio, na unadai biti kwenye masafa yote kwa wakati mmoja. Kodeki maskini inagawa biti zake chache kwa vumbi la santuri, na sauti ya mwimbaji inaambulia zinazobaki. Kwa hiyo ile hoja kwamba "rekodi ni ya zamani, MP3 ndogo inatosha" imegeuzwa kichwa chini. Rekodi ya zamani ndiyo inayohitaji nafasi zaidi. Chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, kinashauri angalau sampuli 48,000 na biti 24, bila ubanaji wenye upotevu, kwa sababu atakayekuja baada yetu atataka kusafisha, kurekebisha mwendo, kuondoa mikwaruzo, na kazi hizo zinahitaji sauti yenyewe pamoja na kelele zake za kweli.

Nimelijua hili nyumbani. Familia yetu ilikuwa na kanda mbili za harusi ya shangazi, Tanga, mwaka 1991. Kanda ya kwanza tulimpa fundi mmoja atugeuzie. Akaturudishia CD yenye MP3 za kilobiti 64, na kanda yenyewe haikurudi, wala hakuna aliyeifuatilia, maana tuliamini tumeshaipata. Bibi anaimba humo. Maneno yake yanasikika yote. Lakini mvumo wa kanda, ambao ulikuwa "shhh" moja iliyotulia, umegeuka kuwa vilio vidogo vinavyowaka na kuzimika kama ndege wa mbali, na sauti ya bibi kwenye herufi za "s" na "sh" inachanika. Nimejaribu kuisafisha zaidi ya mara kumi. Programu za kuondoa kelele hujifunza mvumo uliotulia kisha huutoa. Mvumo unaobadilika kila milisekunde 26 haziwezi kuutenganisha na mwimbaji. Ninachoondoa ni bibi.

Kanda ya pili niliikuta mwaka jana ndani ya kabati, imefungwa kwenye leso. Nilisafisha kichwa cha deki kwa spiriti na pamba, nikazungusha skrubu ndogo iliyo pembeni ya kichwa hicho taratibu hadi makofi yakawa makavu na ya karibu, kwa sababu kichwa kikikaa upande kidogo tu masafa ya juu yote hupotea kabla hata kompyuta haijahusika. Upande wa A, dakika 45, kwa sampuli 48,000 na biti 24, ulichukua megabaiti 778. FLAC iliupunguza kwa kiasi kidogo kuliko nilivyotarajia, na nilipokumbuka habari ya mchakarisho nikaelewa kwa nini. Nakala moja iko kwenye diski yangu, nyingine kwa kaka Arusha. Kutokana na hiyo nikatengeneza MP3 ya 192 na kuiweka kwenye kundi la familia, na hakuna aliyelalamika kuhusu ubora. Shangazi aliisikiliza usiku kucha.

Wiki iliyofuata alinipigia. "Mwanangu, hiyo feni inayonguruma pale bibi anapoanza ubeti wa pili, huwezi kuitoa?" Nikamwambia naweza. Nikafungua lile faili kubwa, nikatafuta sekunde mbili ambazo feni inanguruma peke yake, nikaanza.